Madoa ya Divai kwenye Shati la Babu Mwakio

Enzi zetu, sisi tuliokulia Werugha wakati nguo ya shule ilikuwa moja na ukungu ulikuwa wa bure, shujaa hakuwa na picha. Leo mjukuu wangu ana mashujaa tele ndani ya simu, wengine wanapiga mpira, wengine wanatingisha mabega, na wote wana meno meupe kupita kiasi. Sisi shujaa tulisimuliwa. Ilibidi umtengeneze mwenyewe kichwani, umpe uso, umpe sauti, na kama ulikuwa mtoto wa milimani kama mimi, umpe na baridi pia, maana hatukuweza kufikiria mtu mkubwa yeyote aliyeishi bila kuota moto asubuhi. Musa wangu mimi alivuka Bahari ya Shamu akiwa amejifunga blanketi.

Hiyo ni miaka ya hamsini, wenzangu wa rika langu mtaikumbuka. Tulikuwa tukitoka shule tunakatiza kwenye matuta ya mahindi na viazi, miguu mitupu, nyasi zimetulowesha mpaka magotini, na njia nzima tunagombania watu wa Biblia. Kila mtoto alikuwa na wake. Wavulana wote walitaka kuwa Daudi kwa sababu ya kombeo, na ilikuwa lazima wapigane kwanza ndipo Daudi apatikane. Mimi nilikuwa Debora. Mwalimu wa dini alikuwa ametuambia kwamba Debora alikaa na watu wakamletea ugomvi wao awaamulie, na mimi habari ya kukaa ilinipendeza sana, maana nyumbani nilikuwa sikalishwi, mara kuni, mara maji, mara fagia.

Rafiki yangu Mghoi alikuwa Samsoni. Msinicheke. Tulimwambia wewe ni msichana, akasema Samsoni alikuwa na nywele ndefu na nyinyi wavulana mmenyolewa vipara, sasa nani anafanana naye? Mjomba wake alifanya kazi kwenye mashamba ya katani huko Mwatate na alikuwa akimletea nyuzi. Basi Mghoi anazifunga kichwani, zinamfika kiunoni, anakwenda kushika nguzo za banda la mbuzi la babu yake na kusukuma huku akimwomba Mungu amkumbuke mara moja tu. Siku moja Mungu akamkumbuka kweli. Nguzo ilikuwa imeliwa na mchwa, banda likalala chini, na ingawa hakufa Mfilisti hata mmoja, mbuzi walimaliza maharagwe ya jirani. Mghoi alichapwa huku nywele za katani bado ziko kichwani.

Mimi niliishi na bibi yangu mzaa baba, Nyanya Mshai. Baba alikuwa na kazi ya reli kule Voi, na mama alikuwa naye, lakini watoto wadogo wakikaa Voi walikuwa wakishikwa na malaria kila kukicha, kwa hiyo mimi nikaachwa milimani nikue na baridi. Nyanya alikuwa mwembamba, mrefu, mkali wa maneno, na alikuwa akiponda kimanga chake cha muhogo na maharagwe kwa nguvu mpaka chungu kinalia. Tukishakula ndipo anaanza habari za baba yake. Hakumwita kwa jina, alisema tu "Baba," na sisi tukajua ni yule. Wakati wa njaa kubwa, kabla ya reli, mzee huyo aliwashusha watu kutoka milimani akawapitisha nyika yote hadi Taveta kwenye ndizi, simba huku, wenye mikuki kule, na yeye mabegani amebeba mtoto asiye wake, kwa sababu wake, Nyanya mwenyewe, alikuwa anaweza kutembea. "Nililia nibebwe," Nyanya alikuwa akisema, "akaniambia, wewe una miguu na una mimi, huyu hana mtu."

Kwa hiyo kwangu mimi Musa na huyo baba yake Nyanya walikuwa kitu kimoja. Wote walitembeza watu wenye njaa, na wote watu wao walinung'unika njiani.

Sasa hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Kwetu zamani mzee mkubwa akifa alizikwa, halafu baada ya muda kichwa chake kilitolewa kwa heshima na kupelekwa pangoni, kikawekwa pamoja na cha baba yake na cha baba wa baba yake. Huko ndiko alikohesabiwa kuwa amefika nyumbani. Nyanya alitaka baba yake apelekwe. Lakini neno la kukubali lilikuwa la mwana wa kiume, na huyo alikuwa Mwakio, ndugu yake mdogo, babu yake Mghoi. Naye Babu Mwakio wakati huo alikuwa amekwisha kubatizwa, amekuwa mzee wa kanisa, anavaa shati jeupe Jumapili. Akakataa. Akasema, baba atalala alipo mpaka tarumbeta ilie.

Nyanya alimwambia, "Umemwacha baba yetu nje." Na tangu siku hiyo hawakusemezana. Nyumba zao zilitazamana, bonde dogo katikati, ungeweza kusikia upande huu mtu akikohoa upande ule. Nyanya akikutana naye njiani anageuka kuangalia mahindi. Mimi na Mghoi tulipita katikati ya hasira hiyo kila siku kama watoto wanavyopita chini ya waya. Hakuna aliyetukataza kucheza. Ila Nyanya hakuwahi kula kitu kilichotoka nyumba ile, hata ndizi.

Aliyemleta Nyanya kanisani hakuwa ndugu yake basi, bali mwalimu wa dini, Mwalimu Yeremia. Huyu mtu, jamani, kama ningejua kuchora ningemchora. Mfupi, koti limefifia, na mwavuli mweusi ambao ulikuwa mwavuli pekee tuliowahi kuuona ukitumiwa na mtu mweusi. Na kwetu mvua si habari ya msimu, ni habari ya saa. Mwalimu Yeremia alikuwa na tabia moja tuliyoiona ni ya kichaa. Akiwa anatembea peke yake na mvua inanyesha, aliufungua mwavuli. Akikutana na mtu asiye na mwavuli anakwenda njia ile ile, kwanza anamkaribisha chini yake. Wakiwa wengi mno hawaenei, anaukunja, anautia kwapani, na wote wanalowa pamoja huku wakizungumza. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtu ana mwavuli na analowa!

Nyanya hakucheka. Siku moja alimwona akipita na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe, mwavuli umekunjwa, maji yanamchuruzika puani. Akasimama mlangoni akamtazama mpaka alipopotelea kwenye ukungu, kisha akasema, kana kwamba anaongea na chungu, "Mungu aliyemtuma huyu, nataka kumjua."

Basi akaanza kwenda darasa la ubatizo, yeye mwanamke mzee kati ya wasichana. Alisoma kwa moyo wote. Alinilazimisha nimsomee Amri Kumi yeye akiwa anapepeta mahindi, na alizishika kichwani kabla yangu. Alikuwa akibishana na Mwalimu Yeremia juu ya kila mtu wa Biblia. Yakobo hakumpenda kabisa, alimwita mwizi wa ndugu yake. Ruthu alimpenda, akasema angekuwa Mdawida, yaani Mtaita kama sisi. Na walipofika kwa Yusufu aliyewasamehe kaka zake waliomuuza, Nyanya alisahau chungu motoni na kimanga kikaungua.

Kulikuwa na jambo moja lililomkwamisha, na hili nitalieleza polepole kwa ajili ya vijana waliozaliwa Nairobi. Sisi Wadawida, hasira ya mtu mzima haikuwa mchezo. Mzee angeweza kukukasirikia bila hata kukutakia mabaya, na hasira yenyewe ikatoka kifuani mwake ikatafuta pa kuangukia, mara nyingi mtoto. Kwa hiyo ilikuwa lazima itolewe, na tulikuwa na namna ya kuitoa, inaitwa kutasa. Mwenye hasira anachukua funda la pombe ya miwa, au maji tu, anainyunyiza kwa mdomo mbele ya watu, fyuu, halafu anasema kilichokuwa kinamkera, anakiachilia, na kuwaombea wote waliopo mema. Nao wanaitikia kwa pamoja. Imekwisha. Hata ukimkuta kesho huwezi kulirudia neno hilo, limekwenda na yale maji.

Kanisa lilikuwa limekataza. Walisema ni mambo ya pombe na mizimu. Ukiwa darasani ukasikika umetasa, jina lako linaondolewa, na kama umebatizwa unatengwa na Meza ya Bwana. Badala yake Mwalimu alifundisha kusamehe kwa sala. Nyanya akajaribu, Mungu ni shahidi wangu. Nilimsikia akisali kwa jina la Mwakio asubuhi na jioni. Kisha akamwendea Mwalimu Yeremia waziwazi, mimi nikiwa nimembebea kikapu chake cha viazi.

"Mwalimu, nimesamehe kwa maneno. Lakini kitu chenyewe kipo hapa," akajigusa koo. "Hakijatoka. Nyinyi mnakitoaje?"

Mwalimu Yeremia naye alikuwa mtoto wa milima hii hii. Alifikiri sana. Angeweza kumpa mstari, alikuwa nayo mingi. Akasema, "Mama, sijui. Mimi huendelea kuomba." Nyanya akamshukuru, akampa viazi, na njiani akaniambia kwamba huyo ndiye mwalimu wa kweli, maana hakumdanganya.

Akabatizwa, akaitwa Ruthu. Askofu akaja akamwekea mikono yeye na wenzake, kanisa limejaa hadi nje, na tukala wali siku hiyo, wali wa Voi alioleta baba. Kilichobaki ni Jumapili ya kwanza ya kushiriki Meza ya Bwana, kasisi atakapopanda kutoka chini, maana kasisi hakuwa wetu peke yetu, alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia. Nyanya alikuwa akiisubiri siku hiyo kama msichana anavyosubiri arusi. Alifua leso yake, akaianika, akaifua tena.

Ndipo Mghoi akaugua. Ilianza kama homa ya kawaida, akaacha kuja shule, kisha kifua kikabana. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala karibu na moto na macho yamezama, zile nyuzi zake za katani zimetundikwa ukutani. Nikamwambia Samsoni amka tukaangushe banda. Hakucheka. Wakambeba kwenye machela hadi dispensari Wundanyi, akapigwa sindano, akarudishwa, na bado pumzi zake zilikuwa zinakwaruza. Niliogopa sana. Sikuwahi kumwona mtoto wa rika langu akiwa hivyo, na nilijua kabisa, bila kuambiwa, watu walikuwa wanafikiria nini.

Wakaja, wake wa ukoo, wakakaa kwa Nyanya. Hawakumlaumu. Walisema tu kwa upole, "Dada, kama kuna neno, litoe. Mtoto anateseka." Na Nyanya akawajibu: "Nimempa Mungu neno langu kwamba sitatasa. Nikitasa nimevunja. Nisipotasa, mtoto wa ndugu yangu… Niambieni basi, nifanye nini?" Nilimshika goti nikalia nikamwambia, Nyanya toa, Nyanya tafadhali toa, nitakusomea tena Amri zote. Akanipapasa kichwa. Nilimchukia kidogo siku ile, na nilimpenda kuliko siku nyingine yoyote, yote mawili kwa pamoja.

Jumapili ikafika. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, sauti yake kavu, inakata ukungu mpaka ng'ambo. Kasisi alikuwa mtu wa pwani, mnene, mpole, Kiswahili chake kitamu sisi watoto tulikuwa tukikiiga njiani. Mambo ya milimani hakuyajua. Akahubiri kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache, nenda mpatane kwanza. Sikuthubutu kumtazama Nyanya. Nilijua hatakwenda. Nilimwona amekaa, leso ameikunja magotini, hasogei, na watu wanakwenda mbele safu kwa safu kupiga magoti.

Kisha akasimama. Akaenda akapiga magoti mwisho wa safu ya mwisho, upande wa wanawake. Na hapo nikaona jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kanisa letu. Babu Mwakio, mzee wa kanisa, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kusimama na kuwaongoza watu, akaacha mahali pake, akavuka kutoka upande wa wanaume, akapiga magoti kando ya dada yake. Bega kwa bega. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi ya makaa mpaka linang'aa. Na mjukuu wake alikuwa amelala nyumbani, hawezi kupumua.

Kasisi akamfikia Nyanya na kikombe. Nyanya akakishika kwa mikono miwili, akanywa. Lakini mashavu yakajaa. Akarudisha kikombe, mashavu bado yamejaa, koo haliteremki. Nikaelewa. Kanisa lote likaelewa, nilisikia pumzi zikikatika nyuma yangu safu baada ya safu. Nyanya akageuka kwa ndugu yake. Na Babu Mwakio, aliyewafukuza watu darasani kwa jambo hili hili, alimwona, akajua kinachokuja, na badala ya kurudi nyuma akafumba macho akainamisha kichwa.

Fyuu!

Divai ikamrukia kichwani, usoni, kifuani kwenye lile shati. Na Nyanya akasema, kwa Kidawida, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeongea na ndugu yake jikoni: "Mwana wa mama yangu, lile neno limetoka. Baba alale alipo, nimemwacha. Mtoto wako apone. Ng'ombe wako wazae. Wote walio hapa wawe na amani." Na sisi sote, waliobatizwa na wasiobatizwa, wazee wa kanisa, wanakwaya, mimi Debora, tukaitikia kwa sauti moja iliyotikisa mabati: "Na iwe hivyo!"

Halafu tukakumbuka tulipo. Wee! Kila mtu akaangalia vidole vyake vya miguu.

Kasisi wa watu alikuwa amesimama na kikombe mkononi, ametoa macho. Katika kanisa zima ni yeye peke yake asiyejua kilichotokea. "Mama," akauliza kwa kile Kiswahili chake kizuri, "divai imekudhuru?" Mtu mmoja angesema tu kwamba ndiyo, divai ilimchefua, mama mzee, mambo yangeisha. Na mtu mmoja angesema ukweli, Nyanya angetengwa siku ile ile aliyoingia.

Mwalimu Yeremia akasimama. Kazi yake ilikuwa mikononi mwa kasisi, kumbukeni hilo. Akasema, "Kasisi, haikumdhuru. Alikuwa na hasira na ndugu yake huyu tangu baba yao alipokufa. Hapa kwetu hasira hutolewa kwa mdomo, na tunaita kutasa, na kanisa limekataza. Umetuambia leo tusije na neno Mezani. Amelitolea hapa kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kulitolea. Kama ni kosa, nimeshiriki, maana nami nimeitikia."

Nasikia bado mvua ilivyokuwa ikipiga juu ya bati. Kasisi akamtazama Mwalimu, akamtazama Babu Mwakio anayedondoka divai kwenye ndevu na analia wazi kama mtoto, akamtazama Nyanya. Nyanya alikuwa amenyoosha shingo, anasubiri kufukuzwa, bila kuomba.

Kasisi akainama, akamrudishia kikombe. "Ile ilikuwa ya ndugu yako, mama," akasema. "Sasa kunywa ya kwako."

Nyanya akanywa. Koo likateremka.

Kuna walionung'unika baadaye, wapo siku zote, hata kwa Musa walikuwapo. Kasisi aliwajibu kwa tangazo moja tu, kwamba kuanzia sasa mwenye neno na ndugu yake alimalize nyumbani, na maji yanatosha, kwa sababu divai inatoka mbali. Watu wakacheka. Na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba kumbe tumeruhusiwa, ilimradi si pombe.

Mghoi alipona. Wa dispensari walisema ni sindano, na Nyanya hakubishana nao, alisema sindano ni kitu kizuri sana. Babu Mwakio alikuja siku ya pili yake na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akakaa. Nyanya akamenya moja akala. Wakaongea habari za baba yao mpaka jua likazama, jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyoogopa nyuki. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba shujaa yule aliogopa nyuki. Nilimpenda zaidi.

Na lile shati? Mkewe alilisugua kwa sabuni na majivu mpaka mikono ikachubuka. Madoa yakawa kahawia, yakabaki. Akamnunulia lingine, akalikataa. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana Babu Mwakio alivaa lile lenye madoa, mzee wa kanisa mzima, na mgeni akimuuliza anasema, "Dada yangu alinibariki." Alipofariki, miaka mingi baadaye, watoto wake walileta suti kutoka Mombasa. Mghoi ndiye aliyekataa. Akaingia chumbani akatoka na shati, na hilo ndilo alilolala nalo, kando ya baba yake, pale pale alipoachwa. Nyanya Mshai yuko hapo pia.

Sasa mimi niko Voi, mzee, magoti yanauma, na joto hili sijalizoea hata leo. Mghoi yuko Werugha na ng'ombe wake wa maziwa, tunapigiana simu, na bado ana nguvu za Samsoni. Mara nyingi nakaa nikifikiria watu hao watatu: mwalimu aliyekunja mwavuli, kasisi mgeni aliyetoa kikombe mara ya pili, na bibi yangu. Hawako kwenye kitabu chochote. Hata picha hawana. Wakati wetu mkikosana mlikuwa bado mnatazamana ng'ambo ya bonde, unamsikia mwenzako akikohoa, huwezi kumsahau hata ukitaka. Kijana wa leo mtu akimkera anambonyeza kidole kwenye simu, amemfuta, kwisha. Hasira haikutoka, imefungiwa tu mahali. Naona huruma, si dharau, ingawa watanisema ni dharau.

Krismasi iliyopita wajukuu wangu wawili, Wakesho na kaka yake, walikuwa hapa na hawasemezani tangu mvulana alipovunja simu ya dada yake. Wakesho alikuwa ameniuliza nani shujaa wangu, nikamsimulia haya yote. Alisikiliza huku anachezea ile simu yenye kioo kilichopasuka, kisha akasema, "Nyanya, sasa hiyo ni story ya kutemea mtu mate," akaondoka. Nikasema basi, nimezeeka, nimepoteza pumzi zangu bure.

Kesho yake tumekaa sebuleni, na Wakesho akatoka jikoni na glasi mkononi, tupu. Mashavu yamejaa. Akaenda akasimama mbele ya kaka yake. Kumbe naye huyo alikuwa akisikiliza nyuma ya mlango siku ile, maana alimtazama dada yake, akaweka simu chini, akafumba macho na kuinamisha kichwa.

Zulia langu lililowa, kochi likalowa, na mimi nikaitikia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.